Siku Mkia ya Ndege Ilikataa Kupanda

Hii hadithi inanionyesha mimi mjinga kabisa. Nasema mapema, ili mtu asinicheke katikati akidhani amegundua kitu. Chekeni sasa, mmalize, halafu tuendelee.

Juzi mjukuu wangu alitoka Entebbe kusindikiza shangazi yake. Alirudi na maneno mingi. Akaniambia, "Babu, nimeona ndege kubwa kama shule yetu, na watu wenye waliingia hawajazi hata darasa moja. Sasa hao wenye ndege wako na akili kweli?"

Mimi nikacheka peke yangu. Hiyo swali niliuliza kabla yake, tena nilikuwa mkubwa kuliko yeye, na jibu nilipewa na mkia ya ndege.

Nyinyi mnaopita leo pale kiwanja ya ndege ya Kasese mnaona majani na mbuzi. Miaka hiyo ya sitini ilikuwa majani na ngiri. Kazi yangu ya kwanza kila siku ya ndege ilikuwa kupanda baisikeli na kufukuza ngiri kwa njia ya ndege, huku napiga debe. Ngiri wana dharau. Anakimbia hatua kumi, anasimama, anageuka kukuangalia kama anakuuliza, "Umemaliza?" Asubuhi kama hiyo, mawingu ikiwa haijaamka, unaona theluji juu ya Rwenzori nyeupe kabisa, na upande wa stesheni unasikia mabehewa ya shaba yanagongana. Mpaka leo nikisikia bati inagongwa, pua yangu inanusa petroli na majani kavu. Uzee ni kitu ya ajabu.

Mimi naitwa Thembo, kwa hiyo Mkonzo yeyote, mtu wa kabila yetu, akisikia jina tu anajua nilizaliwa mvulana wa tano, chakula ikiwa imeanza kuisha. Nilisoma praimari pale Bwera nikamaliza, na baada ya hapo nilibaki na mdomo tu. Mdomo ndio ilinipa kazi. Kampuni ya ndege ilitaka kijana wa kuongea Lhukonzo na wakulima, Kiswahili ya kwetu na Wakongomani, na Kingereza kidogo ya kujibu "yes" hata pale hujaelewa.

Bosi wangu alikuwa Mzee Bwambale. Alikuwa amepigana vita ya Wazungu kule Burma, akarudi akafanya reli, halafu ndio akaja ndege. Kwa hiyo alikuwa na sauti ya jeshi na saa ya reli. "Wewe! Simama! Kuja hapa! Umekula? Hapana kula kabla ya mizani!" Mizani ndio ilikuwa Mungu wake mdogo. Kila abiria alipanda mizani, ile ile ya kupimia magunia ya kahawa, na uzito yake inaandikwa.

Pale kwa mizani niliona mengi. Mwalimu mmoja wa Maliba, mtu mnene, alikuwa akipanda anainua mguu moja. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo mguu ingine unatuachia hapa, ama inasafiri na wewe?" Mama mmoja wa Bulembia begi yake ilizidi, akaenda nyuma ya nyumba akarudi amevaa gauni tano. Alikuwa anatembea kama kabati. Mimi nikataka kumkatalia, Mzee Bwambale akasema, "Acha. Mpime vile alivyo. Mizani haiulizi kama ni nyama ama ni kitambaa."

Wiki ya kwanza alinifundisha kupakia. Alichukua mpini ya jembe akaiweka juu ya kidole chake, ikasimama sawa. Akaweka kiberiti upande moja, ikaanguka. "Umeona? Ndege ni hii mpini." Ndege yetu ilikuwa Dakota, viti ishirini na nane. Ikiwa chini, Dakota inakaa kama mbwa: kichwa juu, mkia chini. Ikianza kukimbia, mkia ndio inapanda kwanza, ndege inakuwa sawa, halafu ndio inaruka. Kwa hiyo kitu nzito inaenda mbele karibu na mabawa. Nyuma kabisa unaweka barua, kofia, na maua ya harusi. Shida ni kwamba mlango iko nyuma. Mtu mvivu anapakia pale mlango iko. Kumbukeni hiyo, hata kama nyinyi hamtapakia ndege.

Sasa, ile Dakota ilikuwa inakuja kila Alhamisi na watu tano, inarudi na watu tatu. Kuna siku ilirudi na askofu peke yake na mwavuli yake. Siku ya soko nikienda Bwera, watu walikuwa wananingoja.

"Thembo wa ndege! Alhamisi tumeiona inapita. Ilibeba nani?"

"Ilibeba hewa," nasema.

"Na hewa inaenda kufanya nini Kampala?"

Mimi sikujua, lakini mtu wa ndege hawezi kusema hajui. Niliwaambia kampuni inaitembeza, kama ng'ombe ya maziwa, isije ikavimba miguu. Siku ingine niliwaambia rubani ana mke Kasese na mke Entebbe. Hiyo ndio walipenda zaidi. Kumuuliza Mzee Bwambale, ningemuuliza siku yoyote. Sikuuliza.

Lakini mimi mwenyewe ilikuwa inaniuma. Nyinyi mnajua desturi ya kwetu. Mtu haendi kwa ndugu yake mikono mitupu. Hata kama huna kitu, unabeba muhogo mbili, unabeba ndizi, ndio useme umefika. Na hii ndege kubwa, na tumbo yote hiyo, inatoka kwetu kwenye chakula, inaenda Kampala kwenye watoto wetu wanaokula mkate na chai, na haijabeba hata haragwe. Kwa macho yangu ilikuwa tabia mbaya.

Pale sokoni kulikuwa na mama mmoja, Mama Kavira. Alitoka Butembo, alivuka mpaka na watoto wakati ya vita kule Kongo, na sasa alikuwa anauza vitunguu na maharagwe. Ulimi yake ilikuwa kali kuliko vitunguu. Mtoto wake Kakule, miaka tisa, alikuwa na uvimbe ndani ya tumbo, na gari ya misheni ilimpeleka hospitali kubwa Kampala. Siku moja ya Jumanne, padri akapata telegramu: daktari atampasua Ijumaa asubuhi, na mama lazima awepo, aweke kidole yake kwa karatasi. Bila hiyo hawapasui. Na daktari mwenyewe alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda kwao Ulaya.

Treni ya abiria ilikuwa imeenda. Barabara, na ile mvua, hakuna mtu alijua. Padri akamkatia tiketi ya ndege.

Siku hiyo hiyo, pale sokoni, Mama Kavira akanishika shati. "Weye Thembo. Banasema avioni iko ya kwako."

"Siyo yangu, Mama. Mimi napima tu."

"Itanifikisha?"

"Mama, utakaa kama malkia. Viti ishirini na nane, na nyinyi mko tatu. Unaweza kukaa hapa ukaweka mguu pale."

Hapo ndio nilikosea. Nilisema kwa sauti, na mama wengine wakasikia.

"Eh, Thembo, kama iko tupu hivyo, si uweke hii kidogo? Ni ya kijana wangu anasoma ufundi kule."

"Na mimi kidogo, ni unga ya muhogo tu, dada yangu hajala ugali ya kwetu, obundu, toka Krismasi."

"Samaki ya Katwe, imekauka kabisa, haina uzito."

"Kuku moja. Moja tu, imelala."

Kwa kila mtu nilisema ndiyo. Nilikuwa naona raha, watoto! Kijana wa praimari, na wamama wanamwomba kama waziri. Hata Mama Kavira alileta kapu ya maharagwe ya mtoto wake. Jumatano nilipanda lori ya pamba na hiyo vitu yote. Kufika Kinyamaseke, wengine walikuwa barabarani wananingoja, habari ilikuwa imetangulia lori. Tulifika Kasese na mizigo ishirini na tatu, na mikungu ya ndizi juu. Nani angepokea kule Entebbe? Hiyo sikufikiri. Nilidhani kule ni kama Bwera, unashuka unauliza.

Alhamisi Dakota ikatua karibu saa sita. Jua kali. Mzee Bwambale akapima abiria: Mama Kavira, na mabwana wawili wa mgodi ya shaba ambao walikuwa wanasinzia tangu wamesimama. Akaandika karatasi: abiria tatu, begi nne, barua magunia mbili. Akaweka sahihi. Halafu akaenda kumpa Kapteni chai ndani ya nyumba, kama kawaida. Kapteni alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, na Kiswahili yake ilikuwa ya kumpikisha mpishi.

Mimi nikabaki na ndege, na mizigo ishirini na tatu nimeificha nyuma ya mapipa tupu.

Nilikimbia, jamani. Mlango iko nyuma, na nilikuwa na dakika za chai. Yote niliisukuma ndani ya chumba ya mizigo kule mkiani: unga, samaki, maharagwe, ndizi. Nikafunga neti, na mbele yake nikapanga magunia ya barua, vizuri, kama kitanda ya bibi harusi. Rubani wa pili alikuja akachungulia, akaona barua, akaridhika.

Ndege ikaenda mpaka mwisho ya kiwanja, ikageuka, ikanguruma. Mimi nilisimama na bendera yangu, nimejaa furaha. Nikasema moyoni, leo unaenda umebeba kitu, rafiki yangu.

Ikaanza kukimbia. Ikafika kwa mfuko ya upepo, ile kitambaa ya kuonyesha upepo, pale mkia inapandaga. Mkia haikupanda. Ikapita nyumba. Mkia bado iko chini, inaburuta kama mbwa anakataa kwenda josho. Mzee Bwambale alitoka nje na kikombe mkononi. "Panda," akasema polepole. "Panda, mtoto. Panda." Mbele ilikuwa inabaki majani kidogo, halafu mtaro, halafu miti.

Injini ikanyamaza. Ikaja vumbi, breki ikalia, na Dakota ikasimama karibu na mtaro, karibu sana, ukitema mate unafika.

Hakuna mtu aliumia. Tulikimbia mpaka pale. Kapteni alishuka, uso yake nyeupe kuliko kawaida yake, akazunguka mkia, akaishika, akaisukuma juu na chini. Akarudi kwa Mzee Bwambale.

"Mkia hapana panda. Mimi nasukuma usukani yote, hapana panda. Bwambale, karatasi iko sawa?"

Mzee akasimama kama jeshini. "Karatasi iko sawa, Kapteni. Umewahi kukuta karatasi yangu inadanganya?"

"Hapana. Hata siku moja." Kapteni akavua kofia. "Basi, ndege iko mgonjwa. Mimi hapana ruka na ndege mgonjwa. Napiga redio, fundi nakuja kesho. Na kesho asubuhi watu ishirini na sita nangoja hii ndege Entebbe, nataka kwenda Gulu. Sasa hawa watu mimi naambia nini?"

Mnaelewa? Sababu yule mzee hakuwa mwongo, ndege ikaonekana mgonjwa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, bendera bado mkononi.

Mama Kavira alishuka peke yake, kitambaa imeanguka shingoni. Hakusikia Kiswahili ya Kapteni. Akaja kwangu, maana kufafanulia watu ilikuwa kazi yangu.

"Anasema nini, Thembo?"

Nikasema, "Anasema... avioni inagonjwa."

"Itapona saa ngapi?"

"Kesho. Ama kesho kutwa."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliangalia tu ile ndege, akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijui aliitoa wapi mwanamke yule wa soko, "Na mutoto yangu, banamupasua nani akimushika mukono?"

Watoto, mimi najua kujibu. Maisha yangu yote nimejibu watu kabla hawajamaliza kuuliza. Mara hii jibu ya kweli ilikuwa nyuma ya neti. Niliangalia Mzee Bwambale, na kikombe bado iko mkononi mwake. Nikajua nikisema, kazi imekwisha, na pengine ya kwake pia. Nisiposema, yule mtoto anabaki na uvimbe yake.

"Kapteni," nikasema. "Ndege haigonjwi. Imeshiba."

"Shiba nini?"

"Maharagwe, sir."

Halafu kule ndani ya mkia, ile kuku moja tu imelala ikaamka, ikalia.

Mzee Bwambale hakunipiga. Aliweka kikombe chini kwa majani, akaingia ndani, akavuta neti, akatoa gunia ya kwanza kwa mikono yake. Akaangalia ile gunia. "Wewe! Mizani! Leta hapa!" Tulipima yote pale pale kwenye jua, moja moja, na kila ratili alinisomesha mimi kwa sauti kubwa mbele ya watu. Ile kidogo, na kidogo, na samaki haina uzito: ilifika kama watu saba wazima, wanene, wote wamekaa kwenye mkia.

Hata mabwana wa mgodi waliamka wakabeba ndizi. Ilipobaki kapu ya Mama Kavira, Mzee alimwambia, "Hii moja inaweza kwenda, Mama, tutaiweka mbele. Naandika."

Mama Kavira akaichukua, akashuka nayo mwenyewe, akaiweka juu ya rundo. "Kama ya benzangu inabakia, na yangu inabakia. Ninyi mufunge mulango, twende."

Kapteni alipita karibu na mimi kabla ya kupanda. Nilidhani atanipiga teke. Alisema tu, "Wewe nasema kabla mimi kufa. Asante. Watu ingine nasema baada."

Safari hii mkia ilipanda kabla ya mfuko ya upepo. Ndege ikaruka nyepesi, ikageuka juu ya ziwa, ikaenda.

Tulibaki, mimi na mzee na ule mlima ya chakula. Nilingoja aseme nimefukuzwa. Akanyosha mkono upande ya stesheni. "Pale, unaona mabehewa?"

"Naona, Mzee."

"Yanakuja hapa na nini ndani?"

"Yanakuja tupu."

"Kwa nini reli inavuta mabehewa tupu kutoka mbali hivyo? Wao ni wajinga?"

"Yanakuja kubeba shaba."

"Basi. Shaba haina miguu. Behewa lazima ije, hata tupu, sababu mzigo iko huku. Ndege ni hivyo hivyo. Unaona watu tatu unasema inabeba hewa. Wale tatu wamepewa lifti tu. Ndege yenyewe inakimbilia wale ishirini na sita wako mbele. Ikikosa kurudi leo, kesho hao wanalala chini Entebbe, na kesho kutwa wale wa Gulu wanaongoja kurudi nao wanalala chini." Akafuta jasho. "Tena hapa hatuna mafuta. Inakuja na mafuta ya kwenda na ya kurudi, yote kwa mabawa. Tena saa sita hewa imekuwa moto, nyembamba, ndege inashika vibaya. Hata watu ishirini na nane wangekuja leo, ningewarudisha wengine. Kiti tupu siyo nafasi, Thembo. Mimi nimeiacha tupu."

Nikauliza, "Mbona hukuniambia hii yote zamani?"

"Uliniuliza?"

Hakunifukuza. Aliandika mambo yote kwa kampuni, na jina yake akaweka juu ya jina yangu. Mimi alinipa adhabu ya kurudisha mizigo yote Bwera, kila mtu na chake, na kumwambia mwenyewe kwa mdomo yangu kwa nini imerudi. Nilimaliza siku nne. Samaki ilikuwa imeanza kunisalimia. Pale sokoni walipiga vigelegele: "Thembo! Mkia imepanda?" Miaka mbili nzima, mtu akichelewa kuinuka kwa kiti Bwera, watu walisema, "Huyu amepakiwa na Thembo."

Tangu hiyo siku, nilifanya ile kazi mpaka ndege iliacha kuja, wakati ya Amin, mambo ilipoharibika na mafuta ikakosa. Siku ya mwisho ilikuja na mtu moja tu, na mimi sikucheka. Nilimpima, nikaandika, nikaweka barua nyuma. Mzee Bwambale alikuwa amestaafu, lakini alikuja kusimama pale kwa mfuko ya upepo mpaka ndege ikapotea. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ile ndege yako ya Entebbe, usiwahesabu wale walioingia. Kuna mahali, pengine mbali sana, watu wamekaa juu ya mabegi yao wanaingoja. Na chini ya miguu ya wale wachache kuna mizigo, samaki na maua na barua, ambayo wewe huoni kwa dirisha. Kuna mtu amepima.

Mama Kavira alikawia Kampala wiki tatu. Nilikuwa naogopa siku ya soko, nilikuwa napita njia ya nyuma. Alinikamata kwa duka ya chumvi. Kakule alikuwa nyuma yake, mwembamba, anakula muwa.

"Alipona, Mama?"

"Si unamuona? Anakula kama nzige." Akanivuta sikio, siyo kidogo. Halafu akaiacha, akaongea chini chini, mtoto asisikie.

"Thembo, bantu bengine mule mu hospitali, kila mama aliingia na kapu. Kakule akafungua macho, akaangalia mikono yangu, mbele aangalie sura yangu. Mikono tupu. Nikamwambia: usiangalie mikono, mutoto yangu, panda, panda juu kidogo. Njo akapandisha macho, akaniona. Akasema, 'Mama, nilizani utatuma vitunguu tu, weye mwenyewe ubakie sokoni kuuza.'"